Bwana na Bi Pua

"Tema! Nimesema tema, hiyo siyo soda!"

Mke alikuwa ameshameza. Akabaki ameshika glasi, mashavu yanamuwaka moto, na watu sita waliozunguka pipa la mvinyo lililofanywa meza wakamgeukia kama ameangusha sahani mbele ya wakwe.

"Imeshuka," akasema kwa sauti ndogo.

"Imeshuka! Miaka tisa nakufundisha. Unazungusha, unanusa, unaonja, unatema. Mambo manne tu. Hata mtoto wa chekechea anahesabu mpaka nne."

"Mimi nililelewa kwamba kilichoingia mdomoni kinamezwa."

Bibi mmoja mwenye kofia akacheka. Mume hakucheka. Huyu mume kazini kwake wanamwita Pua, na jina limemkaa kisawasawa, maana kazi yake ni kunusa na kuonja mvinyo kwa niaba ya mahoteli, aseme huu ununuliwe, huu urudi ulikotoka. Akiingiza pua kwenye glasi anafumba macho kama anasali. Mkewe hajaangaliwa kwa macho hayo tangu... aa, tuseme tu hakumbuki.

Pua akainamia ndoo ya kutemea, akatema uzi mmoja mwekundu, tsss, hakuna hata tone lililoanguka nje.

"Sheria unaijua," akasema akijifuta mdomo. "Anayemeza haendeshi. Funguo za gari ninazo mimi mpaka safari iishe."

"Nimemeza kijiko kimoja."

"Kijiko ni kijiko."

Hiyo ilikuwa siku ya pili ya likizo yao ya siku tano. Yaani likizo ya mapenzi, ndivyo Pua alivyoiita. Baada ya mwaka mzima wa kununiana, wa kulala kila mtu na ukuta wake, siku moja alirudi nyumbani na karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa ratiba. Asubuhi watatembelea viwanda vya mvinyo, kwa ajili yake yeye. Mchana watatembelea nyumba walizoishi waandishi maarufu wa zamani, kwa ajili ya mkewe. Ile karatasi ilikuwa imechakaa kwenye mikunjo, na mke alipoiona alitokwa na machozi, akasema moyoni, masikini mume wangu, kumbe amekaa nayo mfukoni siku nyingi akitafuta namna ya kuniambia.

Lakini mapenzi hayo yalikuwa na sharti. Pua amepewa kazi mpya ya kusimamia shamba la mizabibu, mbali, mwendo wa siku nzima kwa gari, na alitaka mkewe aache kazi wahamie huko. Jibu alilitaka kabla ya Ijumaa.

Na kazi ya mke ilikuwa nini? Alikuwa msahihishaji kwenye kampuni ya kuchapa vitabu. Kila kitabu kabla hakijaenda mitamboni kinapita mikononi mwake. Ofisini wanamwita Nyekundu, kwa sababu ya ile kalamu yake isiyomtoka sikioni. Amesahihisha vitabu vya watu miaka kumi na miwili, na mpaka leo akishika kitabu kipya anakinusa kwanza. Barua ya kuacha kazi alikuwa nayo kwenye mkoba, imeshachapwa. Ilikuwa imebaki sahihi tu.

Wakarudi kwenye gari, wakashika barabara kubwa. Nyekundu akatoa bunda la karatasi, akaliweka mapajani.

"Umeanza," Pua akasema.

"Nimeanza nini?"

"Hizo takataka. Likizo ya mume na mke, wewe unakuja na kazi ya watu."

"Hii siyo ya watu, ni ya Mama Riwaya. Nimemuahidi kumaliza wiki hii."

Mama Riwaya ndilo jina wasomaji walilompa rafiki yake mkubwa, mwandishi wa riwaya za mapenzi. Walikaa dawati moja tangu darasa la tatu. Huyo ndiye aliyemshikia shela siku ya harusi, na Pua anamwita shemeji.

"Mpe msahihishaji mwingine," Pua akasema. "Si unaacha kazi? Unajichosha na nini?"

"Sijasaini bado."

"Hujasaini?"

"Ijumaa haijafika."

Pua akabana meno. Akalipita lori kwa hasira mpaka karatasi zikamwagika miguuni.

"Taratibu basi!" Nyekundu akafoka, akainama kuziokota. "Tena hii ndiyo bora kuliko zote alizowahi kuandika, nakwambia. Kuna mwanaume mmoja muuza manukato, ana mke, halafu anapenda mwanamke mwingine. Maneno anayomwambia yule mwanamke! Mimi nilimuandikia pembeni, 'Mwanaume anayeongea hivi hayupo, punguza.' Unajua Mama Riwaya alinijibu nini? Kwa ile kalamu yake ya kijani! 'Yupo. Usipunguze.'"

Vidole vya Pua vilikuwa vinapigapiga usukani.

"Anayeniudhi ni yule mke," Nyekundu akaendelea. "Mjinga wa kutupwa. Kila kitu kiko mbele ya macho yake, haoni. Nimemshauri Mama Riwaya, huyu mke ni mzigo, mtoe njiani mapema hadithi ipumue."

"Hebu acha kunisomea upuuzi!"

Sauti ilikuwa kubwa mno. Hata yeye mwenyewe aliisikia.

"Nakusomea? Nakusimulia tu. Kwani wewe unakasirikia nini, wewe ndiye muuza manukato?"

"Nimesema acha!"

Simu ya Nyekundu ikalia. Ujumbe. Mama Riwaya.

*Shoga, umefika sura ya mwisho?*

Akajibu: *Bado. Naiweka kama kitu kitamu, nitaila mwisho. Tuko njiani na shemeji yako, kavimba kama chura.*

Jibu likachukua muda mrefu kuja. Likaja: *Usiicheleweshe sana.*

Mchana ule walifika kwenye nyumba ya kwanza ya mwandishi, na Pua hakushuka garini.

"Nikaangalie nini? Kiti alichokalia mtu aliyekufa?"

"Asubuhi nimesimama saa mbili nzima naangalia watu wanatema."

"Ile ni sayansi."

"Na hii?"

"Hii ni vumbi."

Akaingia peke yake. Akatazama meza, miwani, kitanda chembamba. Alipotoka alimkuta Pua anaongea na simu nyuma ya gari, mgongo umepinda. Alipomuona mkewe akakata simu ghafla.

"Nani?"

"Hotelini. Wananiuliza mambo ya mvinyo mweupe."

Siku ya tatu ndiyo siku yenyewe.

Tangu asubuhi Pua alianza visingizio. Mara kichwa kinauma, mara tairi halina upepo. Mwisho akasema, "Hiyo nyumba ya leo imefungwa. Nimesoma mtandaoni."

"Si wewe uliyeiweka kwenye ratiba?"

"Ndiyo, lakini imefungwa."

"Basi tukaione ikiwa imefungwa. Mchana ni wangu, tulikubaliana."

Nyumba haikuwa imefungwa. Ilikuwa ya ghorofa moja, mwisho wa mtaa mtulivu, na mlango wake ulikuwa wa kijani. Nyekundu akasimama getini. Akatazama ule mlango. Akatazama kitasa chake, mkono wa shaba ulioshika mpira.

"Pua," akasema polepole, "mimi hii nyumba naijua."

"Hujawahi kufika huku."

"Sijawahi. Lakini naijua. Subiri." Akapiga makofi kwa furaha. "Sura ya kumi na moja! Ndipo muuza manukato anapomleta yule mwanamke! Mlango wa kijani, kitasa cha mkono! Ndani kutakuwa na saa imesimama saa kumi na dakika kumi. Tuwekeane dau?"

"Nyumba zote za wafu zinafanana," Pua akasema. Jasho lilikuwa linamtoka juu ya mdomo.

Mama mmoja mnene mwenye shada la funguo kiunoni akawafungulia.

"Karibuni. Mko wangapi?"

"Wawili," Nyekundu akajibu.

Ndani, ukutani, saa ilikuwa imesimama. Saa kumi na dakika kumi. Nyekundu akacheka kama mtoto. Alikuwa na furaha ya kweli, jamani, ndicho kinachouma. Akawa anashika mkono wa mumewe, anamwonyesha hiki na kile.

"Mama Riwaya mchawi! Hata hakuniambia kwamba alifika hapa. Twende juu, juu kuna kiti chenye makucha ya paka."

Wakaanza kupanda. Ngazi zilikuwa zimefunikwa zulia jekundu, zito, kutoka chini hadi juu.

"Angalia hiyo ya tatu, imelegea," Pua akasema.

Nyekundu akasimama na mguu hewani. Akaushusha taratibu kwenye ngazi ya tatu. Ikacheza chini ya kiatu.

"Umejuaje?"

"Nimeona."

"Umeona nini? Kuna zulia."

"Nina macho, bwana. Kazi yangu ni kuona vitu."

"Kazi yako ni kunusa."

Wakaangaliana. Mama wa funguo, pale chini, akajifanya anafuta vumbi kwenye meza isiyo na vumbi.

"Naenda nje kuvuta hewa," Pua akasema, akashuka, akairuka ngazi ya tatu bila hata kuitazama.

Nyekundu hakupanda juu tena. Alishuka mpaka kwenye meza ya mlangoni, lilipokuwa daftari kubwa la wageni lenye jalada la ngozi. Kila ukurasa una safu nne: tarehe, jina, mko wangapi, maoni. Watu husaini wakaondoka. Hakuna anayerudi kusoma walioandika wengine. Lakini yeye kusoma walioandika wengine ndiyo kazi yake.

"Naweza kufungua nyuma?" akauliza.

"Fungua tu, mwanangu," mama wa funguo akasema. Halafu akaongeza, bila kumtazama, "Kama una hakika unataka."

Akafungua. Mwezi uliopita. Mwaka jana. Akapita kurasa kwa kidole, kama anavyofanya ofisini, haraka lakini haachi mstari. Akafika wiki ile ya semina. Wiki ambayo Pua alisema ana semina ya wanunuzi, na yeye Nyekundu alichukua likizo bila malipo ili amuogeshe mama mkwe aliyevunjika nyonga. Siku saba alimbeba yule mama kama mtoto, na kila jioni Pua alipiga simu akasema, "Nimechoka, semina inatukamua."

Kidole kikasimama.

Safu ya jina: *Bwana na Bi Pua.*

Mko wangapi: *Wawili.*

Maoni, kwa mwandiko wa mumewe, ule uliolala kulia: *Nyumba imekomaa vizuri. Harufu ya mbao kavu na ngozi. Mwisho wake mrefu, unabaki mdomoni.*

Ndivyo anavyoandika kuhusu mvinyo. Dunia nzima hakuna mtu mwingine anayeweza kuingia kwenye nyumba ya marehemu akaandika kwamba inabaki mdomoni.

Na chini yake, mstari mmoja kwa wino wa kijani: *Tumekuja wawili, tutarudi wawili.*

Ule mkia wa herufi ya mwisho uliopinda kama ndoana. Anaujua tangu darasa la tatu.

Akashika meza. Mama wa funguo akamsogezea kiti, akampa maji.

"Walikaa muda mrefu?" Nyekundu akauliza.

"Mpaka nilipofunga."

"Na mwanamke alikuwa anafanya nini?"

"Alikuwa anaandika kwenye kijitabu. Kila kitu. Hata saa."

Mtu mwingine angetoka nje na kupiga kelele mtaa mzima ujae. Nyekundu hakutoka. Kazi yake ilimfundisha jambo moja: huweki kalamu kwenye kosa kabla hujasoma mpaka mwisho. Akapiga picha ukurasa ule kwa simu. Akatoka kwa mlango wa nyuma, akakaa kwenye benchi la bustani, akafungua mkoba, na akaisoma ile sura ya mwisho aliyoiweka kama kitu kitamu.

Muuza manukato alikuwa anaagana na yule mwanamke. Mwanamke akamwambia: "Nimechoka kuwa mtu wa pembeni. Mwambie mkeo. Usipomwambia wewe, nitamuandikia mimi." Na muuza manukato akamjibu: "Hataamini. Yeye husahihisha maisha ya wengine, lakini ya kwake hajawahi kuyasoma."

Nyekundu akaisoma mara mbili. Halafu akatoa kalamu sikioni na kuweka nukta iliyokuwa imesahaulika.

Pua akaja akizunguka ukuta. "Uko huku? Vipi, umesaini daftari lao?"

"Bado."

"Usisumbuke. Ni upuuzi tu ule."

"Nitasaini siku nyingine," akasema.

Asubuhi ya siku ya nne walikuwa kwenye kiwanda kikubwa kuliko vyote kwenye ratiba. Ghala la chini, mapipa safu kwa safu, baridi. Muonjeshaji, kijana mtanashati mwenye aproni nyeusi, alikuwa anamjua Pua kwa sifa.

"Heshima kubwa, bosi. Huu wa miaka kumi na miwili hatuufungui kwa kila mtu."

Pua akazungusha glasi. Akanusa. Akafumba macho. Akachukua funda, akaanza kulizungusha mdomoni.

Nyekundu akaweka simu juu ya pipa, katikati yao. Ilikuwa inaita, sauti imefunguliwa.

"Shoga!" Sauti ya Mama Riwaya ikajaa ghala zima. "Umemaliza?"

Macho ya Pua yakafunguka.

"Nimemaliza," Nyekundu akasema. "Nina maswali madogo ya msahihishaji."

"Uliza, mpenzi."

"Sura ya kumi na moja. Mlango wa kijani, saa iliyosimama. Nyumba hiyo umeitoa wapi?"

"Aa... kichwani tu."

"Na huko kichwani kwako ngazi ya tatu imelegea?"

Kikasikika kiti kikisogezwa upande wa pili.

"Uko wapi, shoga?"

"Niko na shemeji yako. Hawezi kukusalimia, ana mvinyo mdomoni."

Pua akatikisa kichwa, mikono yote miwili hewani, mashavu yamejaa kama mpiga tarumbeta. Ndoo ilikuwa upande wa Nyekundu, na Nyekundu hakusogea.

"Nimeona daftari la wageni. 'Bwana na Bi Pua.' Hongereni kwa ndoa. Mbona hamkunialika? Mimi ningekushikia shela."

"Sikiliza, mimi nilimwambia akwambie! Nilimpa muda! Nilimwambia muswada uko mezani kwake, anausoma, mwambie kabla hajafika mwisho! Nilishindwa kukwambia kwa mdomo, ndiyo nikaandika."

"Ukaandika. Kurasa mia tatu. Halafu ukaniletea mimi nikuwekee mikato. Unajua nililia sura ya tisa? Nilikuwa nakulilia wewe. Nikakuandikia mke ni mzigo, mtoe njiani. Ulivyosoma hayo ulicheka?"

"Sikucheka. Wallahi sikucheka."

"Ulifanya nini?"

Mama Riwaya akaanza kulia. "Nikaweka alama kwamba nimekubali."

Pale ndipo Pua alipomeza. Gluk. Kila mtu alisikia.

"Bosi," yule muonjeshaji akanong'ona, "umemeza."

"Mke wangu, sikiliza," Pua akasema. "Ilitokea mara moja. Kosa moja tu."

"Sura ya nne. Sura ya saba. Sura ya kumi na moja. Sura ya kumi na tano. Nyumba nne na mapipa sijui mangapi. Unataka nikusomee?"

"Hiyo ni hadithi! Anaongeza chumvi, si ndiyo kazi yake?"

"Naongeza chumvi?" simu ikafoka kutoka juu ya pipa. "Pua! Mimi naongeza chumvi?"

"Wewe nyamaza, umeshaharibu!"

"Nimeharibu mimi? Nani aliyeniambia kwenye ile bustani kwamba mkewe ni mvinyo wa mezani?"

Nyekundu akageuza shingo taratibu. "Mvinyo wa mezani ni upi?"

Akamtazama muonjeshaji.

"Ni... ule wa kila siku, dada. Wa bei rahisi. Hauna kitu, lakini haukudhuru."

"Asante."

"Nilisema kwa hasira," Pua akasema. "Mke wangu, nimekuleta huku kwa sababu nataka turekebishe. Nilitaka tupite pale pale ili pawe petu sisi, yale yafutike."

"Ulinileta huku kwa sababu ulikuwa mvivu hata wa kutafuta njia nyingine. Hiyo karatasi yako niliililia, Pua. Nikadhani imechakaa kwa mapenzi. Kumbe ilikuwa imeshatumika."

Pua akanyoosha mkono kuchukua simu, Nyekundu akaivuta upande wake.

"Na kazi yangu," akaendelea. "Niache kabla ya Ijumaa. Nikishasaini, muswada unakwenda kwa msahihishaji mwingine, sura ya mwisho siisomi. Hapo ulikuwa unaniokoa mimi au unajiokoa wewe?"

"Nilikuwa naiokoa ndoa!"

"Kwa kuninyang'anya kitu pekee ninachokijua."

Akafungua mkoba, akatoa ile barua ya kuacha kazi. Akaichana katikati, na tena katikati, akadondosha vipande kwenye ndoo ya kutemea. Vikaanza kunywa wekundu.

"Mama Riwaya, bado upo?"

"Nipo, shoga."

"Usiniite hivyo. Kazi yako imekamilika, Jumatatu utaipata mezani kwa mkurugenzi. Makosa mia nne na kumi na mawili, yote nimeyarekebisha, maana mimi kazi za watu sizifanyi nusu. Ila pale mwisho unapowashukuru watu, jina langu usiliweke. Na ule ukurasa ambao muuza manukato anasema mkewe hajawahi kuyasoma maisha yake, huo nimeukata wote. Siyo kweli tena."

Akakata simu.

Halafu akachukua glasi yake. Akaizungusha. Akanusa. Akafumba macho. Akachukua funda, akalipitisha kwenye ulimi, huku na huku, bila haraka, na Pua anamtazama kama anamuona kwa mara ya kwanza. Nyekundu akainamia ndoo na kutema. Uzi mmoja, mwekundu, hakuna tone lililoanguka nje.

"Mambo manne," akasema, akajifuta mdomo. "Nimejua kuhesabu. Lete funguo."

"Funguo gani?"

"Za gari. Umemeza, Pua. Anayemeza haendeshi."

"Usinifanyie hivyo mbele ya watu."

"Juzi mbele ya watu sita ulinifokea kama mbwa aliyekojoa zuliani. Lete funguo."

Pua akamtazama muonjeshaji kutafuta msaada. Muonjeshaji akatazama dari.

"Sheria ni sheria, bosi," akasema.

Funguo zikawekwa juu ya pipa.

"Sasa mimi nitarudije?" Pua akauliza, na safari hii sauti ilikuwa ya mtu mdogo kabisa. "Huku hakuna hata usafiri."

"Mpigie shoga yangu wa zamani aje akuchukue. Njia anaijua."

"Na mama yangu nitamwambia nini?"

Hapo Nyekundu akasimama kidogo. Yule mama mkwe alimpenda kweli.

"Mama yako nitamwambia mwenyewe. Nitakwenda kumsalimia kama kawaida. Wewe ndiye utakayepiga hodi kama mgeni."

Akapanda ngazi za ghala, akatoka kwenye jua.

Ndani ya gari alilia. Siwezi kukudanganya kwamba hakulia. Alilia mpaka kioo cha mbele kikaingia ukungu, akapigapiga usukani kwa ngumi, akamtukana Pua, akamtukana Mama Riwaya, akajitukana na yeye. Halafu akajifuta kwa ule mkono wenye wino. Akamwandikia mkurugenzi wake ujumbe: *Siachi kazi, sihami. Jumatatu nipo.*

Jibu likaja hapo hapo: *Mungu mkubwa! Kalamu zako ziko pale pale ulipoziacha.*

Pua alipiga mara kumi na moja. Hakupokea. Ya kumi na mbili ilikuwa ujumbe: *Mke wangu nakuomba. Kuna baridi huku.*

Akauacha bila kuujibu, akawasha gari.

Mama wa funguo alikuwa anataka kufunga alipoona gari linasimama getini. Akamtambua. Akaangalia kiti cha pembeni, kilikuwa kitupu, kina bunda la karatasi tu.

"Karibu tena, mwanangu. Umesahau kitu?"

"Sikusaini daftari."

"Aa. Ingia, ingia."

Akalifungua lile daftari lenyewe, akamsogezea na kalamu ya nyumba iliyofungwa kwa kamba. Nyekundu akaikataa, akatoa ya kwake sikioni. Akaandika tarehe. Kwenye jina akaandika jina lake alilopewa na wazazi, lote, la kwanza mpaka la mwisho, ambalo hajaliandika popote miaka tisa.

Mama wa funguo akachungulia juu ya bega lake.

"Mko wangapi leo?"

"Mmoja."

Akaandika: *Mmoja.* Ikabaki safu ya maoni. Akafikiri. Nje, simu ilikuwa inatetemeka juu ya kiti cha gari, inatetemeka, inanyamaza, inaanza tena. Akainama, akaandika kwa wino mwekundu, herufi zimenyooka kama za kitabu:

*Nimeonja miaka tisa. Nimetema.*